Uko na Nani Huko?

Goma, Murara, tarehe 14, mwezi wa pili 2000

Kwako mdogo wangu Charline,

Pokea kwanza salamu za nyumba nzima. Sisi tuko wazima, Mungu anatushika mkono, na tunaomba barua hii ikukute nawe mzima katika baridi hiyo yenu. Mama anasema kichwa chake kimepoa. Mke wangu Gisèle anakushukuru kwa soksi za Prodige, ingawa mtoto amekataa kuzivaa shuleni kwa sababu wenzake wanamwambia anaumwa miguu. Habari za vita usiulize. Wenye bunduki wameongeza tena vizuizi kwenye barabara ya Rutshuru, na tangu Noeli Papa hajapanda Butembo kununua maharage. Anashinda kwenye kiti chake mlangoni akigombana na redio.

Ile picha yako uliyopigwa kwenye theluji imefika. Papa aliitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Huyu mutoto banamupatia nini ya kula?" Mama akasema ni koti linalokufanya uonekane mwembamba. Papa akamjibu kwamba tangu azaliwe hajaona koti linalokondesha mtu. Picha hiyo hajaiweka ukutani. Wageni wakiuliza habari zako anawatolea ile ya Kampala, ya siku za ukimbizini, ulipokuwa bado na mashavu. Anaogopa watasema binti wa Papa Edmond anaugua kule na familia inaficha. Usicheke, watu wa mtaa wetu unawajua.

Kuna jambo lingine lililotuumiza. Jirani yetu Mama Mwavita amefiwa na mume wake huko Bukavu. Binti yao yuko Brussels, unamkumbuka, yule mwenye sauti ya kwaya. Mjomba wake mmoja asiye na akili alimpigia simu akamwambia hapo hapo kwamba baba amekufa. Msichana alikuwa peke yake chumbani. Alitoka nje bila viatu, katikati ya baridi, akatembea mpaka polisi wakamkuta, na vidole vya mguu mmoja vilikufa ganzi, wamevikata.

Papa aliposikia hivyo alisimama, akazima redio kabisa. "Mimi nikikufa, mutu asimuambie Charline akiwa yeye peke. Batafute kwanza batu. Batu bakae naye, ndiyo bamuambie." Mama akamkemea kwa kutaja kifo ndani ya nyumba, naye akarudi kwenye redio yake akiendelea kunung'unika.

Tuandikie unakula nini, kwa majina ya vyakula. Papa hataki jibu la "ninakula vizuri".

Ni mimi yaya wako,
Henri


Rimouski, Kanada, tarehe 20, mwezi wa tatu 2000

Yaya Henri mpendwa,

Kaka yangu, barua yako imefika ikiwa bado na harufu ya nyumbani, au labda ni pua yangu tu inayotamani. Mimi ni mzima kabisa. Nauliza hali ya Mama na kichwa chake, ya Gisèle, ya Prodige na miguu yake isiyoumwa. Papa mwambie apunguze kugombana na redio, atapandisha presha bure. Wapelekee pole nyingi nyumbani kwa Mama Mwavita. Habari ya binti yake ilinifanya nigeuke kuangalia viatu vyangu vilivyo mlangoni.

Ninakula wali, kuku, viazi, na maharage ya kopo ambayo Papa angewamwagia bata. Bugali naipata mara mojamoja, unga unatoka Montréal kwa basi. Nimekonda, ni kweli, lakini huku kukonda hakumtishi mtu. Kuna muuguzi anaitwa Madame Lisette, anatutembelea sisi wakimbizi nyumbani. Alinipima uzito, halafu akanipongeza. Nilimwuliza kama amesoma mizani vizuri.

Ni mtu mwema lakini maswali yake siyaelewi. Kila akija ananiuliza, kuanzia moja mpaka kumi, ninajisikiaje. Mara ya kwanza nilimjibu kumi. Ningejibuje? Mtu amekuja kwako, amevua viatu, anakuuliza hali, utamwambia tatu? Akanitazama kama askari wa kizuizini anavyoutazama mfuko uliofungwa vizuri mno. Alipokuja tena nikamwambia tisa ili yaishe, naye akafurahi, akaandika. Anasema mtu aliyetoka vitani anahitaji ukimya na muda wake mwenyewe. Naishi peke yangu katika vyumba viwili, na yeye anaona hiyo ni dawa. Labda ni dawa kweli, sijui.

Jirani yangu ni Fatime, mama wa Kosovo, mjane wa vita vya kwao, ana watoto wawili. Kifaransa chake ni kidogo kuliko cha Prodige. Anaingia kwangu bila hodi, na kahawa nzito mkononi, kama mtu wa Murara. Darasani tunakojifunza Kifaransa mwalimu alituuliza kila mmoja, kwenu mtu mwenye afya anajulikanaje. Fatime akasema ni yule ambaye hanywi kahawa yake peke yake. Mimi nikasema ni mtu mwenye mwili na mwenye wageni. Mwalimu akasema kwao ni mtu anayejitegemea. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma.

Mwambie Papa nitapiga picha nyingine nikiwa nimevaa makoti mawili.

Ni mimi mdogo wako,
Charline


Goma, Murara, tarehe 2, mwezi wa sita 2000

Mdogo wangu mpendwa Charline,

Tunakusalimia sana. Sisi wote tuko wazima. Mama ni mzima, Gisèle ni mzima, Prodige ni mzima. Papa pia anakusalimia sana, anakutakia amani na baraka. Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Kazi zilikuwa nyingi, na mpaka ulifungwa mara kadhaa, kwa hiyo barua zilikuwa zinalala Gisenyi.

Prodige amepata komunyo ya kwanza. Mama alisema lazima nikutumie picha ya siku hiyo, nami nakutumia. Tulikula wali na nyama, watu wakafurahi.

Sasa nina maswali, na nakuomba usiruke hata moja. Uko na nani huko? Mbali na Fatime, je, kuna Mkongomani yeyote katika mji huo, hata kama ni wa Kinshasa? Misa unaenda? Padri wa hapo anakujua kwa jina? Huyo Fatime ana moyo wa kukaza, au ni mtu wa kulia haraka? Ukiumwa ghafla, nani ana ufunguo wa mlango wako? Kazini kuna mama mtu mzima anayeweza kukushika?

Madame Lisette usimtegemee sana. Mtu anayesema upweke ni dawa, mimi ninamwogopa. Kwetu tunamwacha mtu peke yake tunapomwadhibu, na wewe hukufanya kosa lolote. Kama kuna Wakongomani katika mji mwingine, hata wa mbali, ungehamia kwao. Ungekaa hata na Warundi. Tafuta watu, Charline. Nakuandikia hivi kwa sababu ya afya yako tu, hakuna sababu nyingine.

Nijibu upesi, na hasa hilo la ufunguo.

Ni mimi yaya wako,
Henri


Rimouski, tarehe 28, mwezi wa sita 2000

Yaya Henri,

Salamu kwa Mama, kwa Gisèle na kwa Prodige mwenye komunyo. Mimi ni mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena, na kuna kitu ndani yake hakikai sawa.

"Papa anakusalimia sana, anakutakia amani na baraka." Papa gani huyo? Papa wetu hajamsalimia mtu tangu nimjue. Papa wetu huuliza kwa nini umechelewa kuandika, unakula nini, na nani aliyekukata nywele namna hiyo. Katika kila barua yako, tangu nilipokuwa Kampala, kulikuwa na neno lake la ugomvi. Safari hii kuna baraka. Nani amekufundisha kuandika kama askofu?

Halafu picha. Prodige amevaa nyeupe, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Wewe umesimama nyuma yake, na kichwa chako ni hivyohivyo. Gisèle amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, siku ya sherehe ya mtoto wake. Gisèle, ambaye mwaka wa tisini na sita tulipokimbia mabomu kuelekea Sake aligeuka kurudi nyumbani kuchukua chanuo! Mama ameketi pembeni na kitambaa chake, hatazami kamera, anatazama chini. Na Papa simwoni. Papa, ambaye alikuwa anajipenyeza hata kwenye picha za harusi za watu asiowajua.

Sitaki kuandika ninachofikiri. Nikikiandika kitakuwa kimesemwa.

Na maswali yako, Yaya. Uko na nani, nani ana ufunguo, nani atakushika. Anishike kwa nini? Sijaanguka. Mwanzoni nilifikiri umesikia uvumi kwamba naugua. Sasa nafikiri vingine.

Nakuomba jambo moja. Vuka mpaka, nenda kwenye kabini ya Hitimana pale Gisenyi, unipigie simu, na Papa awe kando yako. Mlifanya hivyo Noeli. Papa alipiga kelele kwenye simu kana kwamba ananiita kutoka kilima cha pili, na alitaka kujua saa hiyo nimekula nini. Namba yangu haijabadilika. Sihitaji mazungumzo marefu, anigombeze kidogo tu, inatosha.

Madame Lisette alikuja juzi na kipimo chake. Nikamwambia sita. Alishtuka, akaniuliza kumetokea nini, nikamwambia nimepokea picha ya komunyo.

Ni mimi mdogo wako,
Charline


Goma, Murara, tarehe 5, mwezi wa nane 2000

Charline mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Tuko wazima, usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Umekuwa kama askari wa upelelezi. Nywele ni kwa sababu ya mapunye. Prodige aliyaleta kutoka shuleni, yakaenea, tukaona afadhali tunyoe nyumba nzima. Papa hayumo kwenye picha kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamera. Kuhusu simu, kabini ya Hitimana imeharibika, na hata isingeharibika, Papa amepanda Butembo kwa shangazi kupumzika. Hewa ya kule inamfaa. Ndiyo maana nakupa salamu zake kwa kifupi.

Sasa usikasirike nikikuuliza tena. Je, umepata watu? Hukunijibu hata swali moja. Na Madame huyo, anakupa vidonge? Kama anakupa, usimeze kitu usichokijua. Nimemwuliza mfamasia wa Keshero, anasema kule wana vidonge vya kumfanya mtu asihisi chochote. Dawa ya namna hiyo siipendi, kwa sababu kuna siku mtu anapaswa kuhisi, na siku hiyo awe na watu.

Tumepata habari njema. Kuna padri kijana, Padri Mulumeoderhwa, mtu wa Bukavu, wa upande wa akina Gisèle. Yuko mji wa Québec anasoma. Mama yake anasali pamoja na mama mkwe wangu. Tumemwandikia kwamba una hamu ya kuongea Kiswahili, naye amekubali kuja kukutembelea. Akija mfungulie, mpikie, na umwite Fatime pia mkae pamoja. Hata Madame Lisette mwite, kama ni lazima.

Mama anasema hivi, nakuandikia kwa maneno yake: "Mutoto asikae mu nyumba yeye moja kama mugonjwa wa kuambukiza."

Ni mimi yaya wako,
Henri


Rimouski, tarehe 10, mwezi wa tisa 2000

Yaya,

Natumaini mu wazima. Mimi ni mzima.

Papa alipanda Butembo kwa barabara gani? Mwezi wa pili uliniandikia barabara imejaa vizuizi na Papa haondoki mlangoni. Redio ya huku inasema hali imezidi kuwa mbaya. Au amepanda kwa miguu, na presha yake, apite Lubero akiimba? Na tangu lini Papa ameshika kamera? Papa huyu asiyejua kuwasha tochi bila kuigonga kwenye goti? Yaya, wewe hujui kudanganya. Tulipokuwa wadogo nilikuwa nakudanganyia mimi.

Padri wako alikuja jumamosi. Nilikuwa dirishani nikamwona anashuka kwenye gari, na alikuwa na mama wawili wa kwetu, wamevaa vikwembe vya vitenge chini ya makoti. Mmoja alibeba sufuria kubwa iliyofungwa kwa kitambaa. Mwingine alibeba blanketi. Walisimama chini wakitazama madirisha na hawakucheka. Watu wanaokwenda kumtembelea mgeni hucheka, Yaya, huitana, hupotea kwenye ngazi. Hawa walipanda kimya. Na salamu haibebewi blanketi.

Niliingia bafuni, nikafungua maji ya bomba kwa nguvu ili nisisikie hodi. Waligonga, wakangoja, wakagonga tena. Mmoja wa wale mama akasema nyuma ya mlango, polepole, kwa Kiswahili cha Bukavu, "Mama, fungua, tuko batu ya kwenu." Sikufungua. Fatime akatoka kwake, nikamsikia anaongea nao kwa kile Kifaransa chake, halafu ngazi zikanyamaza.

Tangu siku hiyo naishi hivi. Simu ikilia siipokei. Misa siendi. Dukani nikimwona mtu mweusi kwa mbali nageuza njia, na wengine ni watu wa Haiti maskini, hawana habari nami. Fatime nimemwambia asije, nina kazi nyingi. Ufunguo wangu ninao mwenyewe, na huyo niliye naye huku ni mimi. Umeuliza mara nyingi, sasa nimekujibu. Nikiwa peke yangu hakuna anayeweza kuniambia kitu. Wewe unalijua hilo na mimi ninalijua, na tunajua ni nani aliyelisema.

Madame Lisette amefurahi sana nami. Nilimwambia kuna watu walitaka kuingia kwangu nikawakatalia. Akasema nimepiga hatua, nimejifunza kulinda nafasi yangu. Akaniuliza namba. Nikamwambia kumi, kama zamani.

Usinitumie mtu mwingine.

Charline


Goma, Murara, tarehe 19, mwezi wa kumi 2000

Mdogo wangu,

Mama ni mzima. Gisèle ni mzima. Prodige ni mzima, anaendelea na shule. Mimi pia ni mzima. Sitaongeza jina lingine.

Nimeanza barua hii mara nyingi na nimeichana. Nilikudanganya, na nilidanganya vibaya, ni kweli ulikuwa unanifanyia kazi hiyo wewe. Mapunye hayakuwapo. Sikuulizi tena uko na nani. Padri ameniandikia kwamba hakukukuta. Yeye pia hajui kudanganya, maana aliongeza kwamba maji yalikuwa yanamwagika ndani.

Kuna neno nililoachiwa na siwezi kulivuka. Unalijua, nilikuandikia mimi mwenyewe mwezi wa pili. Wewe umelifanya kuwa ukuta, umekaa nyuma yake. Nakuelewa. Ningekuwa wewe, labda nami ningefungua bomba. Lakini nina hasira pia, Charline, lazima niseme. Unafikiri mlango wako unakufungia wewe tu. Mama bado analala chini kwenye godoro sebuleni. Wageni waliokuwa wanalala naye walirudi makwao zamani. Gisèle ameomba, mimi nimeomba, baba paroko amekuja mwenyewe. Anajibu kwamba chumbani kuna joto. Halafu jana aliniita akaniambia, "Siwezi kutoka hapa chini na mutoto wangu mwengine hajakaa bado."

Nimekuandikia alivyosema. Zaidi ya hapo sina ruhusa.

Yaya wako,
Henri


Rimouski, tarehe 26, mwezi wa kumi na moja 2000

Yaya Henri mpendwa,

Nasalimia nyumba nzima. Nimsalimie Mama kwanza, pale chini alipo. Mwambie mtoto wake amesikia.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Kisha Fatime akaja. Nilikuwa nimemkataza, lakini kwao kukatazwa ni jambo dogo. Aliweka kahawa mezani, akaiona ile picha ya komunyo niliyoibandika kwenye friji, akaitazama kwa muda. Akaanza tu kunieleza, kwa maneno yake machache, jinsi alivyoambiwa habari ya mume wake.

Ilikuwa huku, ofisini, siku aliyokwenda kwa ajili ya vitambulisho. Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Karani alikuwa na mkalimani kwenye simu, mtu ambaye Fatime hakuuona uso wake. Sauti ile ikasoma jina la mume, jina la kijiji na tarehe. Wakampa glasi ya maji na anwani ya mtaalamu wa huzuni. Walikuwa watu wazuri, anasema, walimfungulia hata mlango. Akatoka, akapanda basi, akashuka, akapika chakula cha watoto, na hakuna mtu aliyelia naye. Anasema mpaka leo hajui kama ameambiwa. Akilala anamngoja.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, Yaya. Nilidhani nikiwa peke yangu nimemficha Papa mahali salama. Kumbe nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki tangu mwezi wa sita.

Sikiliza sasa nilichofanya. Nilimpigia Padri Mulumeoderhwa kumwomba msamaha. Alisema, "Tutakuja na sufuria ileile." Atakuja na wale mama wawili jumamosi, tarehe 6 ya mwezi wa kwanza, na watalala hapa kwangu. Fatime atakuja na watoto wake na kahawa. Nimemwambia na Madame Lisette. Aliniuliza leo niko namba ngapi, nikamwambia leo sina namba, ila namwomba jumapili, kesho yake padri akishafika, aje akae nami. Akauliza atakuja kufanya nini. Nikasema kukaa. Akauliza tena, kukaa na kufanya nini. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hapewi nafasi siku hiyo, anajaziwa nyumba, anashikwa hata asipotaka kushikwa, na hakuna anayemwuliza anajisikiaje kwa sababu wanamwona. Aliniangalia sana. Alisema atakuja, na atajaribu kutosema kitu. Itakuwa kazi ngumu kwake, lakini nadhani ataweza.

Meza nitaisukuma ukutani. Magodoro nitayaweka chini. Nimepata maharage makavu, si ya kopo, na nitayapika mimi mwenyewe ili yachelewe kuiva kama anavyotaka mtu fulani. Viatu vyangu Fatime atavificha kwake. Nilimweleza habari ya binti wa Mama Mwavita, akasema hilo aachiwe yeye.

Wewe jumapili hiyo, tarehe 7, vuka mpaka mapema. Nenda kwa Hitimana, najua kabini yake haijawahi kuharibika. Kama Mama anaweza kutembea, mpeleke, avae joto. Pigeni saa kumi ya mchana kwenu, kwangu itakuwa saa tatu asubuhi. Nitapokea mwenyewe.

Nakuomba usianze na salamu. Usiniambie ni wazima wangapi, usiniulize kama mimi ni mzima. Uliza swali lako lile ambalo nilikukasirikia. Uliza niko na nani huku. Nitakutajia mmoja mmoja, kwa sauti, wote waliokaa chini nami, na wewe uwasikie mpaka wa mwisho.

Halafu uniambie, Yaya. Umeshika neno lake vizuri, sasa uliweke chini. Nywele zangu sijazinyoa bado, nakungoja wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Charline